Pedali ya sasteni inapofanya kazi kinyume: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nikiinua mguu sauti zinavuma, nikikanyaga zinakatika. Je, pedali imeharibika?

Pedali ya sasteni kazi yake ni kuendeleza sauti ukiikanyaga, hata baada ya kuachia kibonye; yako inafanya kinyume. Je, imeharibika? Karibu kila mara jibu ni hapana. Pedali mbovu kwa kawaida haifanyi kinyume; huwa haifanyi kitu kabisa, au hung'ang'ania upande mmoja. Kama kila ukikanyaga kuna kinachobadilika, na kila ukiachia mambo yanarudi yalivyokuwa, basi swichi iliyo ndani inafunga na kufungua vizuri, waya ni mzima na plagi inagusa. Tatizo ni kwamba kinanda kinaamini umekanyaga wakati mguu wako uko juu. Hilo husawazishwa, na mara nyingi husawazishwa bila kushika bisibisi. Tafadhali usitupe pedali, na usikimbilie kununua nyingine kabla hujasoma jibu linalofuata.

Nianze na nini?

Zima kinanda kabisa. Sukuma plagi ya pedali mpaka mwisho wa tundu lake, kisha toa mguu na uangalie sakafuni: hakuna mguu wa stendi, kiti wala begi lililoilalia pedali? Sasa washa, na usiiguse pedali mpaka kinanda kimalize kuamka.

Kinachofanya kazi hapa ni mpangilio: plagi kwanza, umeme wa pili, mguu wa mwisho. Ukichomeka pedali kinanda kikiwa tayari kinawaka, au ukiwasha huku umekanyaga, unakipa kinanda taarifa ya uongo tangu mwanzo, nacho kitaishika mpaka ukizime.

Unapojaribu, chagua sauti ya ogani. Sauti ya piano hufifia yenyewe, kwa hiyo inaweza kukufanya udhani noti imekatwa kumbe imeisha tu. Ogani haina huruma hiyo: pedali ikishika, sauti inaendelea mpaka uiachie. Piga noti moja, achia kibonye. Inapaswa kukatika papo hapo. Kanyaga, piga, achia kibonye, inapaswa kuendelea. Ikiwa hivyo, kazi imekwisha.

Kwa nini kinanda kinapotoshwa kirahisi hivyo?

Kwa sababu pedali ya kawaida ya sasteni haina akili yoyote ndani yake. Ni swichi moja na nyaya mbili, zinazoishia kwenye plagi ya jeki ya milimita 6.35. Haitumi neno "nimekanyagwa". Kinanda hupeleka umeme mdogo sana kwenye tundu na kuangalia kama unapita au haupiti. Saketi ikifunga, kinanda kinaona kitu kimoja. Ikifunguka, kinaona kingine. Basi.

Pedali zenyewe zimegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza saketi iko wazi mguu ukiwa juu, na kukanyaga ndiko kunakoifunga. Kundi la pili ni kinyume chake: saketi imefungwa muda wote, na kukanyaga kunaikata. Hapa nitaziita pedali za wazi na pedali za funge. Hakuna iliyo bora kuliko nyenzake. Zote mbili zinafanya kazi vizuri mradi kinanda kinajua kinashughulika na ipi. FC5 ya Yamaha, kwa mfano, ni ya funge. SP-3 ya Casio ni ya wazi. Ukiziweka chini pamoja, hakuna jicho litakalokuambia tofauti hiyo.

Ili kukuondolea usumbufu, vinanda vingi hupima vyenyewe mara tu vinapowashwa. Vinachungulia tundu la pedali na kusema: hali ninayoikuta sasa hivi, iwe wazi au funge, ndiyo hali ya mguu kuwa juu. Ni njia nzuri, lakini inategemea sharti moja, kwamba wakati huo hakuna aliyekanyaga. Mguu ukiwa chini kwa nusu sekunde hiyo, kila kitu kinageuka, na kinanda hakina namna ya kugundua kosa hilo mpaka kiwashwe upya. Vijitabu vya vinanda vya Yamaha vinaonya waziwazi usikanyage pedali wakati wa kuwasha, kwa sababu hiyohiyo.

Vingine havipimi kabisa. Vimetengenezwa vikitarajia aina moja tu, na ukivipa ya pili vitafanya kinyume leo, kesho na keshokutwa, hata uviwashe kwa uangalifu kiasi gani.

Nimezima na kuwasha ipasavyo, bado ni kinyume. Sasa?

Una sehemu mbili za kuangalia, na ningeanza na pedali yenyewe. Igeuze uone tumboni. Pedali nyingi zinazouzwa kwa ajili ya vinanda vya aina zote, kama SP-2 ya M-Audio, zina kiswichi kidogo chini cha kuchagua upande. Ni kidogo kiasi kwamba watu hukaa na pedali miaka bila kukiona. Kisukume upande wa pili, kisha zima na uwashe kinanda tena, maana kukisukuma wakati kinanda kinawaka kunaweza kukuchanganya zaidi.

Kama hakuna kiswichi, ingia kwenye menyu ya kinanda. Tafuta mahali palipoandikwa Polarity (polariti, yaani upande wa pedali: wazi au funge), au sehemu ya mipangilio ya pedali kwa ujumla. Kwenye vinanda vingi vya Korg utakuta mpangilio unaoitwa Damper Polarity wenye alama ya kujumlisha na ya kutoa, badilisha uliyoikuta. Ukishabadilisha, hifadhi mipangilio. Baadhi ya vinanda husahau mabadiliko yasiyohifadhiwa mara tu umeme unapokatika, nawe utarudi kesho ukidhani kinanda kina mapepo.

Ikiwa hapana pa kubadilisha kwenye pedali wala kwenye kinanda, na kinanda hakipimi chenyewe, una mambo mawili: kupata pedali ya aina ya pili, au kuigeuza uliyonayo kwa ndani. Kuna swali lake huko chini.

Kwa nini leo iko sawa na kesho kinyume?

Kinyume cha kuja na kuondoka ni dalili nzuri: inaonyesha kinanda chako kinapima chenyewe, na kwamba kuna kitu kinachokivuruga wakati wa kuwasha. Mara nyingi ni mguu. Mpigaji anakaa, anaweka mguu mahali pake kwa mazoea, halafu ndipo mkono unafikia kitufe cha kuwasha. Mazoea hayo mtu hayaoni mwenyewe. Mwombe mwenzako akuangalie ukianza.

Sababu nyingine ni umeme kukatika na kurudi ghafla. Kinanda chenye swichi ya kubonyeza na kubaki hujiwasha chenyewe umeme unaporudi, na kama wakati huo ulikuwa umekanyaga katikati ya wimbo, utaendelea na wimbo huo pedali ikiwa kinyume. Kitu cha kufanya hapo ni kuinua mguu, kuzima, kuhesabu hadi tano na kuwasha. Inachukua muda mfupi kuliko kuhangaika na menyu mbele ya watu.

Tatu, plagi iliyolegea. Kama haikuingia sawasawa wakati wa kuwasha kisha ukaisukuma baadaye, kinanda kilipima hewa tupu, na hewa tupu ni saketi wazi. Pedali ya funge ikiingia baada ya hapo itasomeka kama imekanyagwa.

Naweza kujua bila kubahatisha kama pedali yangu ni ya wazi au ya funge?

Unaweza, na ni kipimo kizuri sana kujifunza kwa sababu kitakusaidia pia siku waya utakapokatika. Chomoa pedali kwenye kinanda. Chukua maltimita (kifaa cha kupimia umeme), iweke kwenye alama ya kengele, ile inayolia vidoa viwili, yaani vichokoo vya mwisho wa nyaya zake, vikigusana. Tazama plagi: ncha yake imetenganishwa na shina kwa mkanda mweusi. Weka kidoa kimoja kwenye ncha na kingine kwenye shina, mguu ukiwa juu. Ikilia, pedali ni ya funge. Isipolia, ni ya wazi, ila usiamini mpaka ukanyage na kuisikia ikilia. Kukanyaga kunapaswa kubadilisha hali, na kuachia kunapaswa kuirudisha, kila mara, bila kukwaruza wala kusitasita. Tikisa waya karibu na plagi na karibu na pale unapoingia kwenye pedali huku ukisikiliza. Mlio ukikatikakatika, umepata ugonjwa mwingine kabisa.

Huna maltimita? Betri, taa ndogo ya tochi na vipande viwili vya waya vinatosha. Taa ikiwaka, saketi imefunga.

Kama mikanda myeusi kwenye plagi ni miwili badala ya mmoja, hiyo ni plagi ya stereo, na huenda pedali yako si swichi ya kawaida. Soma swali la kukanyaga nusu.

Kwa nini watengenezaji wasikubaliane upande mmoja?

Hapajawahi kuwa na kanuni inayowafunga wote. Mwaka 1983 watengenezaji walikuja na MIDI, lugha ya pamoja ya vyombo vya muziki vya umeme, na hapo namna vinanda vinavyoambiana kuhusu pedali ikasawazishwa vizuri. Lakini MIDI inahusu ujumbe unaotoka kwenye kinanda kwenda kwenye chombo kingine. Waya kutoka mguuni hadi kwenye tundu ulibaki uamuzi wa kila kampuni. Kwa maoni yangu lilikuwa jambo la kusikitisha, maana wanaoanza kujifunza ndio wanaoumia: wanadhani wamekosea wao.

Je, kutumia pedali ya upande usiofaa kunaweza kuunguza kinanda?

Hapana. Swichi ya pedali haina umeme wake, na tundu la kinanda limeundwa kukabiliana na saketi iliyo wazi na iliyofungwa. Jaribu bila hofu.

Kwangu si kinyume: sauti zinavuma muda wote, nikanyage nisikanyage. Au: pedali haishiki kabisa.

Hapa ndipo panapochanganya watu wengi, kwa hiyo twende polepole. Waya uliokatika ni saketi wazi ya kudumu. Kwenye kinanda kinachotarajia pedali ya funge, saketi wazi maana yake umekanyaga, basi kila kitu kitavuma daima. Waya uleule kwenye kinanda kinachotarajia pedali ya wazi utaonekana kama hujawahi kukanyaga, na pedali itakuwa bubu. Nyaya mbili zikigusana ndani, mambo yanageuka: kinanda cha funge kinakuwa bubu, cha wazi kinavuma.

Kinanda kinachopima chenyewe kina tabia ya tatu. Kikikuta waya uliokatika wakati wa kuwasha, kitasema "sawa, hii ndiyo hali ya mguu kuwa juu", na pedali itakuwa bubu bila kuvuma. Lakini waya ukikatika katikati ya kupiga, pedali ikiwa ya funge, sauti zitaanza kuvuma ghafla. Ukiona hivyo, chomoa pedali. Baadhi ya vinanda, tundu likiwa tupu, hurudi kwenye hali ya kutokanyagwa; chako kikiwa hivyo, utamaliza wimbo bila sasteni lakini kwa usafi.

Kabla hujalaumu waya, hakikisha mambo mawili madogo. Kwanza, kitufe cha sasteni kilichoko juu ya kinanda: vinanda vingi vya kubeba vina kitufe hicho, kinachoongeza mkia kwenye kila noti bila kuhusiana na pedali. Kikiwa kimewashwa, noti zitavuma hata mguu ukiwa juu. Kizime. Pili, hakikisha umechomeka kwenye tundu sahihi. Kinanda kinaweza kuwa na tundu la sasteni na tundu la pedali ya kuongeza na kupunguza sauti yaliyokaa bega kwa bega, na jeki inaingia kote. Vinanda vingine pia hukuruhusu kuipa pedali kazi tofauti, kama kuanzisha mdundo au kubadilisha sauti. Aliyekitumia kabla yako huenda alibadilisha.

Nina pedali ya kukanyaga nusu, na inafanya vitu vya ajabu.

Pedali hizo si za kuwasha na kuzima tu. Zina kipimo cha kuteleza ndani yake na plagi ya stereo, ili kinanda kijue mguu uko chini kiasi gani, kama ilivyo kwenye piano halisi ambapo pedali ya kulia huinua vibanio vya felti kutoka kwenye nyuzi, kidogo au kabisa. FC3 ya Yamaha ni ya aina hiyo. Ukiichomeka kwenye kinanda kinachojua swichi tupu, inaweza kushika ukiwa umeigusa kidogo tu, au isiachie mpaka uinue mguu kabisa, au iwe kinyume, na kubadilisha polariti hakutaponya vyote.

Angalia kama pedali ina swichi ya kuchagua. DP-10 ya Roland inayo: upande mmoja inafanya kazi ya kukanyaga nusu, upande wa pili inakuwa swichi ya kawaida. Kama kinanda chako hakina uwezo wa nusu, iweke kwenye swichi na usiumize kichwa. Kama kinao, tafuta kwenye menyu sehemu ya kusawazisha pedali, ambako utaombwa ukanyage mpaka chini na kuachia.

Natumia kinanda na kompyuta. Nitajuaje kosa liko wapi?

Fungua programu yoyote inayoonyesha ujumbe wa MIDI unaoingia na ukanyage. Sasteni ni kontrola namba 64. Thamani 0 hadi 63 maana yake pedali iko juu, 64 hadi 127 iko chini. Pedali ya swichi kwa kawaida hutuma 0 na 127 tu. Ukiona 127 unapokanyaga na 0 unapoachia, kinanda na pedali wanaelewana, na kinyume kimewekwa ndani ya programu yako ya muziki au kwenye ala unayoitumia humo. Ukiona 0 unapokanyaga, kosa liko kabla ya kompyuta, rudi mwanzo.

Kinanda kinachopata umeme kwa waya wa USB huwaka pale unapouchomeka. Kwa hiyo pedali iingie kwanza, USB baadaye, mguu ukiwa juu.

Nimesharekodi, pedali ilikuwa kinyume. Nirudie yote?

Usirudie kama ulirekodi MIDI. Fungua orodha ya matukio ya wimbo huo, chuja kontrola 64 peke yake, halafu geuza: kila 0 iwe 127 na kila 127 iwe 0. Programu nyingi zina amri ya kugeuza thamani kwa pamoja. Kisha angalia ncha mbili. Mwanzoni weka tukio la 64 lenye thamani 0 kabla ya noti ya kwanza, ili wimbo usianze na mabaki ya wimbo uliotangulia. Mwishoni hakikisha tukio la mwisho ni 0 pia, la sivyo noti za mwisho zitaning'inia hata ukibonyeza simamisha. Zikining'inia wakati wowote, amri ya dharura ya kuzima noti zote ipo karibu kwenye kila programu.

Kama ulirekodi sauti yenyewe na si MIDI, hapo hakuna dawa, piga upya.

Naweza kuigeuza pedali kwa ndani?

Ukiwa na mkono uliozoea kulehemu, ndiyo. Fungua skrubu za chini, ukiangalia springi isiruke. Ukikuta swichi ndogo yenye miguu mitatu iliyoandikwa COM (wa pamoja), NO (wazi) na NC (funge), una bahati. Waya mmoja uko COM na usiguswe. Wa pili uko NO au NC. Utoe ulipo na uulehemu kwenye mguu wa pili. Funga, pima tena kwa maltimita, na pedali imegeuka. Ukikuta vipande viwili tu vya bati vinavyogusana, usivipinde; hakuna mguu wa tatu wa kuhamia, na bati likishapindwa halirudi kama lilivyokuwa. Nunua nyingine.

Si rahisi zaidi kuzoea kupiga kinyume?

Nakusihi usifanye hivyo. Mguu wa mpiga kinanda hujifunza polepole na kusahau polepole zaidi. Kukanyaga mara baada ya kupiga kodi (noti kadhaa kwa pamoja), kuachia wakati kodi mpya inashuka, kusafisha sauti kabla hazijachafuana: hayo yote yanakaa mwilini. Ukiyajifunza kinyume, siku utakayokaa mbele ya piano halisi itabidi uanze upya, na pengine ni siku ambayo ungependa sana kupiga vizuri.

Nina vinanda viwili na pedali moja. Kimoja kiko sawa, cha pili kinyume.

Usigawanye waya wa pedali kwenda kote kuwili. Vinanda viwili vikipima saketi moja kwa wakati mmoja vinaweza kusomana badala ya kusoma pedali. Chomeka pedali kwenye kile kilicho sawa, kisha unganisha MIDI kutoka hicho kwenda cha pili, kwenye chaneli ambayo cha pili kinapokea. Ujumbe namba 64 utafika ukiwa umenyooka.

Nikinunua pedali mpya, niulize nini?

Uliza kama ina kiswichi cha kubadilisha upande. Hilo ni muhimu kuliko rangi, umbo na jina. Pili, tumboni pawe na mpira mzito, maana pedali inayokimbia sakafuni inachosha mguu haraka. Tatu, waya wenye urefu wa kufika bila kukazwa. Ukikuta pedali ya kampuni ileile iliyotengeneza kinanda chako, na kijitabu kinaitaja kwa jina, chukua hiyo bila kujiuliza mara mbili.